Rada Haina Mizani: Maswali Yenu Kuhusu Kupima Misitu kwa Ndege

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba rada iliyofungwa kwenye ndege inaweza kukadiria kimo cha miti na biomasi ya msitu, yaani uzito wa miti ikiwa imekaushwa. Barua zilizotufikia kutoka kandokando ya Ziwa Victoria zimeuliza mambo ya kazi hasa. Tumejibu sita, na pale jibu linapohitaji hesabu tumeiweka hesabu yenyewe.

SWALI: Tumeambiwa ndege yenye rada ikipita juu, itajulikana msitu wetu una tani ngapi. Mti haujawekwa kwenye mizani wala rubani hajashuka. Uzito unaonekanaje kutoka angani? (Katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, Sengerema)

JIBU: Hauonekani, ndugu Katibu, na aliyewaambia hivyo amefupisha mno. Rada hutuma mapigo ya mawimbi ya redio kwa ubavu wa ndege, kisha husikiliza mwangwi. Mti mbichi una maji mengi, na maji hayo ndiyo huurudisha mwangwi kwa nguvu. Kinachorudi kinategemea unene wa matawi, wingi wake, yameelekea wapi, na udongo wa chini una unyevu kiasi gani. Uzito hukadiriwa baadaye, kwa kulinganisha nguvu ya mwangwi na miti ambayo watu wameipima kwa tepu ardhini. Ondoa miti hiyo ya ardhini, na picha ya rada inabaki kuwa weupe na weusi usio na tani ndani yake.

Wimbi hugongana vizuri na vitu vinavyokaribiana nalo kwa ukubwa. Bendi ya X, yenye wimbi la sentimita 3 hivi, huishia kwenye majani na vijiti vya juu. Bendi ya C, kama sentimita 5.6, huingia kidogo zaidi. Bendi ya L, sentimita 24, hupenya majani na kukutana na matawi na mashina. Bendi ya P, karibu sentimita 70, hufika kwenye matawi makubwa, mashina na ardhi. Na kila bendi ina mahali inaposhiba: msitu unaendelea kuongezeka uzito lakini mwangwi hauongezeki tena. Bendi ya C hushiba mapema, kwenye tani 30 hadi 50 kwa hekta. Ya L hufika tani 100, pengine 150. Ya P huweza kuvuka 300.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza wenye ndege ni bendi gani wameibeba. Miombo mikavu mingi iko chini ya tani 100 kwa hekta, na hapo bendi ya L inatosha. Kwa msitu mnene wenye miti mikubwa, kama sehemu za kisiwa cha Rubondo, ingefaa bendi ya P. Faida nyingine mnaijua wenyewe mkitazama ziwani: mawingu hayaizuii rada, wala giza.

SWALI: Nina ploti za mduara wenye nusu kipenyo cha mita 15, kama zile za NAFORMA, tathmini ya rasilimali za misitu ya nchi nzima. Nimezilinganisha na picha ya rada ya bendi ya L yenye pikseli za mita 5. Nukta kwenye grafu zimetapakaa kama mchele uliomwagika. Nimekosea wapi? (Afisa misitu, Ukerewe)

JIBU: Inawezekana vipimo vyako ni sahihi na picha ni sahihi, ila havizungumzii miti ileile. Ploti za namna hiyo zilibuniwa kwa takwimu za nchi nzima, ambako ploti maelfu hufidiana. Ploti moja kuipambanisha na pikseli za rada ni kazi nyingine kabisa.

Anza na jiometria. Rada hupanga vitu kwa umbali kutoka kwenye ndege. Kilele cha mti kiko karibu na ndege kuliko shina lake, hivyo kwenye picha kilele huegemea upande wa ndege. Kiasi cha kuegemea ni kimo cha mti gawanya kwa tanjenti ya pembe ambayo wimbi linashuka nayo, ikipimwa kutoka wima. Kwa mti wa mita 20 na pembe ya digrii 40, ni mita 24. Ploti yako inaanzia katikati na kuishia mita 15. Maana yake mwangwi wa vilele vingi vya miti uliyoipima umeangukia nje ya ploti, na ndani ya ploti umesoma vilele vya jirani. Mwangwi unaogonga ardhi kisha shina na kurudi, huo unabaki kwenye kitako cha mti. Kwa hiyo mti mmoja umegawanyika sehemu mbili kwenye picha.

Ploti ya hekta moja, mita 100 kwa 100, nayo hupoteza ukanda wa pembeni, lakini sehemu kubwa ya miti inabaki ndani. Ikiwa huwezi hekta moja, usishuke chini ya robo hekta, na ichague ndani ya msitu unaofanana pande zote, usiiweke ukingoni mwa shamba.

Pili ni chengachenga. Kila pikseli ya rada ina mwangwi wa vitu vingi vinavyojumlishana au kufutana, kwa hiyo hata msitu ulio sawasawa huonekana na chenga kama televisheni isiyoshika vizuri. Kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya pikseli unazowastanisha, iwapo hazitegemeani. Ploti yako ina mita za mraba 707, sawa na pikseli 28, na kosa linabaki karibu asilimia 19. Hekta moja ina pikseli 400, na kosa linashuka hadi asilimia 5. Wastani huo uchukue kwenye nguvu yenyewe, kabla ya kuibadili kuwa desibeli (kipimo cha nguvu kwa logi). Wengi huwastanisha desibeli na kupata jibu la chini kuliko lililo kweli.

Tatu, mahali. GPS ya mkononi chini ya miti mikubwa hukosea mita 5 hadi 10 bila kusema. Weka kifaa cha kupokea masafa mawili kwenye uwazi ulio karibu, kiache kikusanye kwa dakika 20 au zaidi, kisha fikia kona za ploti kwa tepu na dira.

Halafu kuna uzito wenyewe, ambao watu huuamini kupita kiasi kwa sababu umetoka kwenye karatasi ya hesabu. Mlinganyo unaotumika sana kwa miti ya asili ya tropiki ni wa Chave na wenzake wa mwaka 2014: zidisha msongamano wa mbao (gramu kwa sentimita ya ujazo) kwa kipenyo mara kipenyo (sentimita), kisha kwa kimo (mita), jibu lipandishe kwa kipeo 0.976, halafu zidisha kwa 0.0673. Unapata kilo. Mti wa kipenyo cha sentimita 30, kimo mita 15 na msongamano 0.6 unatoa kilo 439. Kimo ukikiandika 18 badala ya 15, unapata 525. Kipenyo ukikiandika 33 badala ya 30, unapata 529. Yaani kukosea mita 3 kwenye kimo ni sawa na kukosea sentimita 3 kwenye kipenyo, na kukosea mita 3 kwa klinomita (kipima pembe cha kukadiria kimo) kwenye msitu uliosongamana ni rahisi mno. Simama umbali unaokaribia kimo cha mti, hakikisha unaona kilele chenyewe na si tawi lililo mbele yake. Kipenyo kipimwe mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Shina lililogawanyika chini ya hapo ni miti miwili.

Kwa miombo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wametengeneza milinganyo kwa miti iliyokatwa na kupimwa hapa nchini, itangulize hiyo. Kwa misonobari ya kupandwa, kama ya Rubya huko kwenu au Buhindi, tafuta mlinganyo wa spishi hiyo. Mlinganyo wa msitu wa asili haukutengenezewa mashamba ya miti.

Mwisho, tazama tarehe. Ploti iliyopimwa miaka mitatu kabla ya ndege kupita, kwenye msitu unaochomwa mkaa, ni kumbukumbu ya msitu mwingine.

SWALI: Mimi ni fundi wa alumini. Nimepewa mchoro wa pembetatu tatu zenye pande mbili za mita 1.5, ziunganishwe kama kona ya chumba. Mteja amekataa kazi ya kwanza kwa tofauti ya sentimita mbili. Hizo kona ni za nini, na kweli sentimita mbili zinaharibu? (Fundi, Igoma, Mwanza)

JIBU: Fundi, kona hiyo ndiyo rula ya rada. Wimbi likiingia ndani yake hugonga kuta tatu na kurudi lilikotoka, na nguvu ya mwangwi wake inajulikana kwa hesabu kabla ndege haijaruka. Kwa wimbi la sentimita 24, kona yenye pande za mita 1.5 hung'aa kama kitu cha mita za mraba 368. Ikionekana tofauti kwenye picha, mtambo ndio unaosahihishwa. Ukirefusha upande mara mbili, mwangwi hukua mara 16, kwa hiyo urefu nao una uzito wake.

Ukaguzi wake ni rahisi. Ncha tatu za nje, kila moja na mwenzake, ziwe sentimita 212.1. Pembe kati ya kuta mbili ikizidi digrii moja, umbali huo unaongezeka milimita 18 hivi. Sentimita mbili za mteja wako ni digrii moja na ushei. Kwa bendi ya L hasara yake si kubwa sana, lakini kona hiyohiyo ikitumiwa kwa bendi ya X, mwangwi unashuka vibaya, na rula ambayo kosa lake halijulikani haifai kusahihishia chochote. Lenga tofauti isiyozidi milimita 5. Funga kwa bolti na vyuma vya pembe kwa nyuma, kwa sababu joto la kuchomelea hukunja bati. Kwa bendi ya L unaweza kutumia alumini yenye matundu ya sentimita moja: wimbi refu halipiti, upepo unapita. Kwa bendi ya X bati liwe zima.

Wakati wa kuisimamisha, kona hutazama juu kwa digrii 35.3 ikiwa sakafu yake iko sawa. Wimbi likishuka kwa digrii 40 kutoka wima, linatoka digrii 50 juu ya upeo, kwa hiyo ukingo wa mbele uinuliwe digrii 15 kasoro kidogo. Tumia pimamaji ya digrii. Uelekeo wa kushoto na kulia, kosa la digrii 2 au 3 linasameheka. Dira isomwe hatua kadhaa mbali na vyuma vya stendi. Ukiinua mbele, pembe ya ndani inakuwa bakuli: toboa tundu la sentimita moja hadi mbili pale chini kabisa, la sivyo mvua moja tu inatosha kuiharibu rula.

Kiwanja cha mpira cha shule hufaa sana, mradi mabati ya paa yasiwe karibu. Pima miti inayokizunguka. Mti wa mita 20 ulio upande wa ndege huifunika kona kwa kivuli hadi mita 17. Ulio upande wa pili huilalia kwa kilele hadi mita 24, na watu wengi husahau huu wa pili kwa kuwa hauzibi kitu machoni. Mwambie mteja pia aongee na mtendaji wa kijiji na kumlipa mlinzi. Alumini ni mali kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kona ikihamishwa siku moja kabla ya ndege, kazi yote imelala.

SWALI: Nimesoma kuwa kimo cha miti hupatikana ndege ikipita mara mbili. Njia hizo ziachane kiasi gani, na kwa nini wengine hupita mara 8? (Mwanafunzi wa uhandisi, Nyamagana)

JIBU: Tuchukue mfano wenye namba. Ndege iko mita 4,800 juu ya ardhi, wimbi ni mita 0.24, pembe ni digrii 40. Umbali hadi mtini ni mita 6,270 hivi. Mipito miwili ikilinganishwa, tofauti ya fezi (hatua ya wimbi katika mzunguko wake) ya mwangwi hukua kadiri kitu kilivyo juu, kisha hujirudia kama mshale wa saa. Kimo kinachokamilisha mzunguko mmoja ni urefu wa wimbi mara umbali mara sini ya pembe, gawanya kwa mara mbili ya nafasi kati ya njia. Nafasi ipimwe kwa pembe mraba na mstari wa kutazamia, si mlalo wa ardhi.

Nafasi ya mita 12 inatoa mzunguko wa mita 40, unaotosha miti mingi ya ukanda huu. Mita 24 inatoa mzunguko wa mita 20, na mti wa mita 22 utasomeka kama wa mita 2. Mita 3 inatoa mzunguko wa mita 161, na kelele ndogo tu ya mtambo inakuwa kosa la mita kadhaa. Rubani wa kawaida hawezi kushika mita 12 kwa macho. UAVSAR, rada ya NASA iliyorushwa kwenye ndege ya Gulfstream III, huongozwa na mtambo unaoishikilia ndani ya bomba lenye nusu kipenyo cha mita 5, na hata hapo mahali halisi pa ndege lazima pajulikane kwa sentimita ili picha isahihishwe.

Mipito miwili hukupa kimo iwapo rada inatuma na kupokea mawimbi yaliyolala (yanayotetema kwa mlalo) na yaliyosimama (kwa wima), ili mwangwi wa ardhi utenganishwe na wa matawi. Mipito 8 iliyoachana mita 12 kila mmoja ina upana wa mita 84, na huweza kutenganisha matabaka ya karibu mita 6. Hiyo ndiyo tomografia: unaona mwangwi wa sakafu, wa katikati na wa juu kila mmoja peke yake. Katika vipimo vya TropiSAR vya mwaka 2009 huko Guiana ya Ufaransa, mwangwi wa bendi ya P wa tabaka la mita 30 hivi ndio uliofuatana vizuri zaidi na biomasi, kwa sababu haukuchafuliwa na ardhi.

Adui wa kazi hii ni upepo. Tawi likisogea sentimita 6 kuelekea ndege, njia ya kwenda na kurudi inabadilika sentimita 12, nusu ya wimbi, na mwangwi unageuka kinyume. Koherensi, yaani kufanana kwa mwangwi wa mipito miwili, ikishuka hivyo, hesabu hudhani msitu ni mrefu kuliko ulivyo. Ukiona vimo vinazidi vya ardhini siku ya upepo, usitafute kosa kwenye klinomita. Upepo wa ziwani huamka jua likipanda; mipito yote ikamilike kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi, na iruke kiangazi, mvua isiwe imenyesha usiku. Majani na udongo vikilowa, mwangwi wa bendi ya L huweza kupanda desibeli moja au zaidi. Desibeli moja ni asilimia 26 ya nguvu, na karibu na kushiba hiyo inaweza kuzidi tofauti ya tani 50 kwa hekta.

Usisahau pia kwamba ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari. Mita 4,800 juu ya ardhi ni zaidi ya 5,900 kwenye altimita. Wafanyakazi wanahitaji oksijeni au ndege yenye hewa ya kubana. Kibali cha kuruka kinatoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, cha masafa kinatoka Mamlaka ya Mawasiliano, na barua ziende zote mbili mapema.

SWALI: Kwa nini ramani ya rada inaonyesha vilima vya mawe na mafunjo kama msitu mzito? (Mwalimu wa jiografia, Magu)

JIBU: Jabali limesimama juu ya ardhi kama shina nene: wimbi hugonga ardhi, hugonga ukuta wa jiwe na kurudi kwa nguvu. Mafunjo yaliyosimama majini hufanya hivyohivyo, kwa kuwa maji tulivu ni kioo. Dalili ni kwamba mwangwi unaotumwa na kupokelewa ukiwa umelala ni mkubwa mno, wakati ule unaotumwa umelala ukapokelewa umesimama, ambao hutokana zaidi na matawi, haupandi kwa kiasi hicho. Jiwe lina dalili moja zaidi: picha mbili za miezi tofauti hubaki na koherensi, mti haubaki nayo. Ondoa maeneo hayo kabla ya kujumlisha tani, na mpaka wa mafunjo uchore upya kila mwaka, maana kina cha ziwa hupanda na kushuka.

SWALI: Ngitili yetu (eneo la malisho na miti tunalolihifadhi) ina ekari 12. Setilaiti siku hizi zinatoa picha bure. Tunahitaji ndege? (Mwenyekiti wa kikundi, Kwimba)

JIBU: Hamhitaji, Mwenyekiti, na setilaiti peke yake haitawatosha. Setilaiti ya Biomass ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyorushwa tarehe 29 Aprili 2025 ikiwa na bendi ya P, imebuniwa kutoa ramani za biomasi kwa vyumba vya mita 200 kwa 200, yaani hekta 4 kila kimoja. Ekari 12 ni hekta 4.9. Ngitili yenu itagawanywa kati ya vyumba kadhaa, kila kimoja kikichanganya na mashamba ya pamba na malisho ya jirani. NISAR, setilaiti ya Marekani na India iliyorushwa Julai 2025 na yenye bendi ya L, huona vitu vidogo zaidi, lakini kwenye migunga michache juu ya udongo mweusi wa mbuga, unyevu wa udongo huweza kubadili mwangwi kuliko miti yenyewe. Ndege ina maana kwa msitu wa maelfu ya hekta, au pale panapohitajika kuisahihisha setilaiti, kama ilivyofanyika Gabon mwaka 2015 na 2016 katika vipimo vya AfriSAR.

Ekari 12 watu wanne wanazimaliza kwa tepu. Pimeni kila mti wenye kipenyo cha sentimita 5 kwenda juu, uwekeni namba ya rangi, na andikeni jina lake la Kisukuma pembeni, kwani ndilo litakalowapa msongamano wa mbao likitafutiwa jina la kitaalamu. Uzito mkavu zidisheni kwa 0.47 mpate kaboni. Kaboni zidisheni kwa 3.67 mpate hewa ya ukaa. Rudieni mwezi uleule baada ya miaka mitatu, mstari wa rangi ukiwa pale pale kwenye shina, tepu ipite juu yake.